Kabla ya kupanda tena, hakikisha unaweza kushuka

SWALI: Nina miaka 43 na naishi Ngong. Nimekulia shambani Naivasha, ambako baba alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, na nilipanda farasi tangu utotoni hadi nilipoenda shule ya bweni. Miaka miwili iliyopita nikaanza tena. Baada ya miezi michache tu nikaanguka: farasi alishtuka, mguu wangu wa kushoto ukanasa kwenye kikuku (kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko), nikaburutwa hatua kadhaa. Kifundo cha mguu kilivunjika ndani na nje, nikawekewa bamba la chuma na skrubu. Sasa ni miezi 14. Daktari wa mifupa anasema mfupa umeunga na niendelee na maisha yangu, ila kifundo huvimba jioni na hakikunjiki kama zamani. Mume wangu hataki hata kusikia habari za farasi. Mimi natamani sana kurudi, lakini nikimkaribia farasi moyo unanienda mbio. Je, nirudi? Na nikirudi, nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa yaliyokupata. Jibu fupi ni ndiyo, unaweza kurudi. Jibu refu linahitaji nafasi, kwa sababu umeniletea mambo matatu kwa pamoja: mguu, hofu na mume, na kila moja lina dawa yake. Kazi yangu ni fiziotherapia, na nimefundisha upandaji farasi kwa muda unaokaribia ule niliofanya kazi hiyo. Nimeona wengi wakirudi vizuri baada ya kuumia, na wengine wakarudi wakaumia upya. Waliofanikiwa hawakuwa lazima wale wenye moyo mgumu zaidi. Walikuwa wale waliojiuliza swali moja kabla ya kukanyaga kikuku: nikitaka kushuka sasa hivi, nitaweza?

Kila mtu anayerudi huwaza namna ya kupanda. Kupanda ni rahisi. Utawekewa ngazi, saisi atamshika farasi, mwalimu atakuegemeza, na mtafanya polepole mpaka ukae. Kushuka ndiko kusikokuwa na uhakika wa saa wala mahali. Tazama kinachofanyika. Unatoa miguu yote miwili kwenye vikuku, unainama mbele, unapitisha mguu wa kulia juu ya mgongo wa farasi, unateleza tumbo likiwa limeegemea tandiko, kisha unaachia. Nyayo zinashuka nusu mita hivi kabla ya kufika chini, na zinafika pamoja. Papo hapo kifundo kikunjike, goti likunjike, nyonga ikunjike, uzito wote upokelewe. Kifundo kikikataa kukunjika, goti ndilo linalolipa, au unajipinda na kuangukia mguu mmoja.

Kuna baya zaidi ya hilo. Mtu anayejua moyoni kwamba mguu wake hautahimili, hashuki. Farasi anaanza kuchachawa, mwalimu anamwambia shuka, naye anang'ang'ania tandiko kwa mapaja na kuvuta hatamu, jambo linalomzidishia farasi wasiwasi. Ajali nyingi za wanaorudi nimeziona zikianzia hapo, kwa mtu aliyekuwa na nafasi ya kushuka salama lakini akahofia mguu wake kuliko alivyomhofia farasi.

Kwa hiyo tuanze na mguu. Daktari wako alipokuambia mfupa umeunga, amesema kweli. Mfupa wa kifundo kwa kawaida huunga kiasi cha kuutembelea ndani ya wiki 6 hadi 12, na baada ya miezi 14 huna haja ya kuulinda kama yai. Ila eksirei huonyesha mfupa tu. Haionyeshi kiungo kilichokakamaa, wala shavu la mguu lililonywea, wala ule uwezo wa mwili kujua wayo uko wapi bila kuutazama, ambao hupungua sana baada ya jeraha la namna yako. Hayo inabidi uyapime mwenyewe, na unaweza kuanza leo ukiwa sebuleni.

Vua viatu. Simama mbele ya ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa sentimita chache kutoka ukutani, na kunja goti kwenda mbele mpaka liguse ukuta. Kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Ukiweza, rudisha mguu nyuma sentimita moja, urudie, hadi ufike mahali ambapo goti haligusi tena bila kisigino kuinuka. Pima umbali wa mwisho uliofaulu. Wengi wenye vifundo vizima hufika sentimita 10 au zaidi, lakini kwako kinachonihusu ni tofauti ya kulia na kushoto. Ikiwa chini ya sentimita 2, sina neno. Ikiwa ni 4 au 5, kifundo chako hakijawa tayari kupokea mwili unaoshuka, na utakuwa umepata kazi ya kufanya.

Kisha simama kwa mguu mmoja, vidole vya mikono vikigusa ukuta kwa ajili ya mizani tu, upande juu ya ncha ya mguu na kushuka taratibu. Hesabu. Mtu mzima mwenye afya hufika 20 au 25 kabla ya kuchoka. Usishangae kushoto kukigoma kwenye 6 au 7. Hilo ni la kawaida kwa aliyekaa na plasta, na linarekebishika. Mwisho, panda kipandio cha chini cha ngazi, kama sentimita 20, uruke chini kwa miguu yote miwili ukiwa umevaa viatu vya mazoezi. Sikiliza. Miguu miwili ikitua pamoja hutoa sauti moja, laini. Ukisikia sauti mbili, mguu wa kulia umetangulia kumkinga mwenzake, na utafanya vivyo hivyo ukishuka kwenye farasi.

Mazoezi yenyewe si ya ajabu. Kipimo cha ukutani kigeuze zoezi, mara 10 hadi 15, asubuhi na jioni. Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya wayo, uache visigino vishuke chini ya usawa wa ngazi, uvipandishe tena. Anza kwa miguu miwili, kisha mmoja. Simama kwa mguu wa kushoto ukipiga mswaki, na ukizoea, funga macho. Jipe miezi miwili au mitatu ya kufanya hivyo bila kuruka siku nyingi. Kama ukikunja kifundo unahisi kitu kigumu kimezuia kwa mbele, tofauti na kule kuvutwa kwa msuli wa nyuma, muone mtaalamu wa fiziotherapia akushughulikie kiungo kwa mikono, na umwambie pia daktari wako. Wakati mwingine ni kapsuli ya kiungo, yaani utando unaokizunguka, iliyokakamaa, wakati mwingine ni chuma chenyewe, na mazoezi peke yake hayatamaliza.

Kuhusu kuvimba jioni: baada ya jeraha kama lako hilo hutokea kwa wengi hata baada ya mwaka, na peke yake halikuzuii. Utazame mguu asubuhi. Uvimbe unaoondoka ukilala na mguu umeinuliwa ni ishara kwamba mguu umefanya kazi. Uvimbe unaobaki hadi asubuhi, au maumivu yanayozidi siku ya pili, ni ishara kwamba umepitisha kiasi, upunguze. Na shavu la mguu likivimba ghafla, likawa na joto na maumivu, usingoje kesho, nenda hospitali, maana inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Nakuomba pia usimeze dawa ya maumivu ili uweze kupanda. Ukihitaji diclofenac ndipo ufike uwanjani, siku hiyo si ya kupanda. Maumivu ndiyo yatakayokuambia usimame, na utakuwa umeyanyamazisha.

Chuma chenyewe kina usumbufu wake. Bamba la upande wa nje liko chini ya ngozi kabisa, na buti refu la kupandia hulibana hapo hapo. Tafuta buti fupi lenye zipu, uweke kipande cha sponji chenye tundu katikati ili shinikizo lizunguke bamba badala ya kulikandamiza. Kama unawaza kutolewa chuma, zungumza na daktari kabla ya kurudi kwenye farasi, kwa sababu matundu ya skrubu huacha mfupa ukiwa dhaifu kwa muda, na kuanguka katika kipindi hicho kunaweza kukurudisha ulikotoka.

Sasa neno ambalo mwalimu wako bila shaka atalipaza: "Kisigino chini!" Ulilisikia utotoni, na ni neno jema kwa kifundo kinachokunjika. Kwa chako, ukilazimisha, mguu mzima utasukumwa mbele na wewe utabaki nyuma ya mwendo wa farasi, au utabana kwa magoti na kujipandisha juu. Mweleze mwalimu mapema kwamba wayo ulio sawasawa, usioinamia vidole, unatosha kwa sasa. Na shusha vikuku tundu moja au mawili kuliko ulivyozoea. Kadiri kikuku kinavyokuwa kifupi ndivyo kifundo, goti na nyonga vinavyolazimika kukunjika zaidi. Kikuku kirefu kinakupa nafuu bila kukuharibia mkao.

Hapa nataka nikutajie mtu mmoja, kwa kuwa najua unavyojitazama. Lis Hartel alikuwa mpandaji wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa na miaka 23 na mja mzito, alipatwa na polio. Mtoto alizaliwa salama, lakini Hartel hakupata tena nguvu za misuli chini ya magoti. Alirudi kwenye farasi akiwa na miguu hiyo hiyo, akajifunza upya kumwongoza farasi kwa uzito wa mwili na mgongo, na katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 akapata medali ya fedha katika mashindano ya dresaji, yaani ya kumwongoza farasi afanye miondoko maalumu kwa utulivu, akishindana na wanaume. Mwaka 1956 akaipata tena. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Simtaji ili ujione mvivu. Namtaja kwa sababu hakungoja miguu yake iwe kama ya zamani, na wala hakupanda kama vile ilikuwa ya zamani. Alipanga kila kitu kulingana na mwili aliokuwa nao, pamoja na nani atamshusha.

Turudi kwenye kikuku, maana ndicho kilichokuvunja. Farasi kushtuka hakuzuiliki. Ni mnyama wa kuwindwa, anaona karibu pande zote, na kazi ya macho hayo ni kumwambia kimbia. Mguu kunasa ndiko kunakozuilika, na kwa gharama ndogo. Kikuku kiwe kipana kuliko buti lako kwa sentimita 2.5 hivi kwa jumla. Kikibana, mguu hautoki. Kikiwa kipana mno, wayo mzima hupenya hadi kifundoni. Buti liwe na kisigino kifupi kilichosimama na soli laini, si viatu vya mpira vya kukimbilia wala buti za mlimani zenye meno. Uliza kama wana vikuku vya usalama. Vipo vyenye mpira upande wa nje unaochomoka ukivutwa, ingawa hivyo hufaa zaidi watoto na watu wepesi; kwa mtu mzima tafuta vile ambavyo chuma chake cha nje kimepinda ili mguu upate njia. Angalia mpira au pindo hilo liko nje, si ndani, kwani nimeona vikuku vya usalama vilivyofungwa kinyume.

Halafu inua kile kipande cha ngozi juu ya ukanda wa kikuku. Utaona chuma kinachoshikilia ukanda kwenye tandiko, na nchani mwake kilimi kidogo kinachoweza kusimamishwa au kulazwa. Kiache kimelazwa. Ukivutwa kwa nyuma, ukanda mzima utateleza na kutoka, kikuku kitabaki mguuni mwako na farasi ataendelea bila wewe. Kikisimamishwa, na hasa kikishika kutu, ukanda hautoki. Hiki ni kitu cha kugusa kwa kidole kila mara kabla ya kupanda. Mzee wako alikuwa saisi. Huenda ulimwona akikigusa bila wewe kujua alikuwa anafanya nini.

Kofia iliyokuwa kichwani siku ile, kama ilipigika hata mara moja, itupe, hata ikiwa haina ufa. Povu la ndani hufanya kazi kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Ndiyo maana nasema pia usinunue kofia ya farasi kwenye mtumba, uwe Toi au Gikomba, hata ikiwa inang'aa, kwa sababu hujui ilianguka na nani. Ya bodaboda nayo haifai. Ni nzito shingoni na haikutengenezwa kwa kuanguka kwa namna hii. Watengenezaji wengi hushauri kubadilisha kofia baada ya miaka 5 hivi hata kama hujaanguka. Ukiwa na bajeti ya kitu kimoja tu, iwe kofia.

Kupanda kwenyewe, usikanyage kikuku cha kushoto kutoka chini. Uzito wako wote ungeningʼinia kwenye kifundo kilichoumia huku kimejisokota, na mgongo wa farasi pia unaumia. Tumia ngazi ya kupandia, ndefu ya kutosha kiasi kwamba mguu wa kulia unavuka bila kuruka. Waulize kama wana farasi aliyezoeshwa kupandwa upande wa kulia. Wapo, na anayefundishwa kwa upole huzoea haraka. Ni desturi tu inayotuweka kushoto.

Farasi gani? Hili nalipa uzito kuliko mwalimu, kuliko uwanja, kuliko siku. Farasi wengi wa kupandia Nairobi na vitongoji vyake wametoka kwenye mbio, na wengi wao ni wanyama wazuri sana. Lakini kumbuka walichofundishwa ujanani. Mpandaji wa mbio anainama mbele na kukaza hatamu, na farasi anaegemea hatamu hizo na kukimbia. Sasa mtu mwenye hofu hufanya nini bila kukusudia? Anainama mbele, anakaza hatamu, anabana miguu. Yeye anasema "simama" kwa mwili wake wote, na farasi aliyetoka mbioni anasikia "kimbia". Hakuna mwenye kosa hapo, ni watu wawili wanaoongea lugha tofauti. Farasi wa namna hiyo atakufaa baadaye. Kwa kuanzia mtafute mwenye miaka 12 hadi 18, aliyefundisha watoto na watu wazima, wa kimo cha sentimita 142 hadi 152 begani, mwenye mgongo wa kukubeba. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 asibebeshwe zaidi ya kilo 90. Kila sentimita unayopunguza kwenye kimo chake ni sentimita unayopunguza kwenye kushuka.

Mwulize saisi, si mwenye farasi peke yake. Saisi ndiye anayejua. Anafanyaje mbwa wakitokea? Upepo ukipiga mabati? Akiachwa peke yake uwanjani wenzake wakiondoka? Ngiri akitoka kichakani? Je, hutolewa nje kila siku au hukaa bandani? Asubuhi za Julai na Agosti, baridi ya Nairobi ikiwa kali na upepo unavuma, hata farasi mzee hujiona kijana. Usichague asubuhi kama hiyo kuwa yako ya kwanza, na siku yoyote omba aachiwe atembee kwanza kabla hujampanda. Uwanja uwe wa mchanga au udongo uliolimwa. Murram ya Januari ni ngumu kama lami kwa kifundo chako.

Sasa huo moyo unaokwenda mbio. Usiupuuze na usiuonee haya. Mwili wako ulijifunza jambo la kweli siku ile, kwamba hapa niliumizwa, na hautasahau kwa kuambiwa jipe moyo. Unasahaulishwa kwa kupewa mambo mengi mapya, madogo, yaliyoisha salama. Na farasi naye anakusikia. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio ambamo watu walimpitisha farasi mahali fulani mara kadhaa, kisha wakaambiwa kwamba safari ya mwisho mwavuli utafunguliwa ghafla mbele yao. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda vilevile, ingawa farasi hawakuambiwa kitu. Ndiyo sababu sitaki upande kwa hofu ya 8 kati ya 10 ukitegemea itapungua ukiwa juu.

Anza chini. Wewe una utajiri ambao wengi hawana: umekulia kwa saisi. Kwa wiki tatu au nne za mwanzo, nenda usipande kabisa. Piga brashi, kuanzia shingo kurudi nyuma, mkono mmoja ukibaki umegusa mwili wake ili ajue uko wapi. Safisha kwato, na uone kama mguu wako wa kushoto unakuruhusu kuinama hivyo. Muongoze kwa kamba, utembee usawa wa bega lake, usimame, naye asimame. Mtazame masikio: moja likielekea kwako na jingine mbele, anakusikiliza. Shingo ikiinuka, macho yakatoka, pua zikapanuka, ameona kitu. Geuza kichwa chake pole kuelekea upande wako na umpe muda. Akiteremsha kichwa na kupumzisha mguu mmoja wa nyuma kwenye ncha ya ukwato, ametulia, na mara nyingi utakuta wewe nawe umetulia.

Jifunze kutoa pumzi. Wenye hofu huvuta hewa na kuisahau ndani. Sema naye kwa sauti, au imba. Huwezi kuimba ukiwa umeshikilia pumzi. Nawaambia wanafunzi wangu waimbe chochote, wimbo wa shule, wimbo wa kanisani au kaswida, mradi maneno yatoke.

Siku ya kupanda itafika bila kushindana na mtu. Mwalimu amshike farasi kwa kamba ndefu, amzungushe taratibu, wewe ukiwa na ukanda shingoni mwa farasi wa kushika ukitaka, ili usimvute mdomo. Baada ya kupanda na hatua chache, mkaze tena mshipi wa tumbo. Farasi wengi hujaza hewa tandiko linapofungwa. Kisha zungukeni mara mbili au tatu, msimame, ushuke. Panda tena, zungukeni, shuka. Darasa la kwanza zima liwe hivyo, dakika 20 zinatosha. Katika darasa la pili na la tatu shuka farasi akiwa anatembea polepole, mwalimu akiwa pembeni. Utaona hofu inavyobadilika pale mwili unapojua kwamba mlango uko wazi.

Kutembea tu kwa farasi hakuko bure. Mwendo wake husogeza nyonga zako kwa namna inayofanana sana na unavyotembea mwenyewe, na wataalamu wa fiziotherapia huutumia kutibu watu wenye ulemavu kwa sababu hiyo. Kaa kwenye mwendo huo hadi uuchoke. Telki, ule mwendo wa kudundadunda ulio kati ya kutembea na kukimbia, ije baadaye, mizunguko michache kwanza, ukiinuka na kukaa kwa mwendo wake; hapo kifundo kitaanza kufanya kazi kweli, na asubuhi yake kitakuambia kama kiasi kilifaa. Mbio nyepesi, sijui ni mwezi wa ngapi, na sitaki ujiwekee mwezi. Kuruka viunzi, mwaka huu usiwaze.

Limebaki la mume. Nakuomba usimwone adui wa furaha yako. Yeye ndiye aliyekaa hospitalini, aliyekushika bafuni, aliyebeba watoto na magongo yako. Picha aliyo nayo ni ya wewe ukiburutwa, hata kama hakuiona kwa macho. Maneno hayataiondoa. Mpeleke siku ya kupiga brashi, si ya kupanda, amwone farasi mwenyewe na aongee na saisi. Mwonyeshe kile kilimi cha tandiko, akilaze kwa kidole chake. Mwite aje darasa lile la kupanda na kushuka, ahesabu mara ngapi umeshuka mwenyewe. Mwambie wazi mipaka: uwanjani tu, kwa kamba, kwa farasi huyu mmoja, mara mbili kwa wiki, na simu iko kwa mwalimu. Kabla ya hapo uliza kampuni yenu ya bima, kwa maandishi, kama ajali ya farasi inalipwa, kwa kuwa bima nyingi huuweka upandaji farasi kwenye michezo ya hatari na kuuacha nje. Ni haki yake kujua gharama ikitokea. Na kama bado atasema hapana, muulize ni kitu gani hasa angependa kukiona kwanza. Huenda ni kule kuruka kutoka kwenye ngazi kwa sauti moja, na hilo unaweza kuanza kumfanyia leo jioni.